Kuvuta ni kitu kimoja, kubeba ni kingine

Swali: "Ninaishi Fort Worth, Texas. Nina Ford F-150 ya 2019 ya milango minne, 4x4, injini ya 3.5 EcoBoost. Muuzaji alinihakikishia kwamba inavuta zaidi ya pauni 10,000. Mimi na mke wangu tumeipenda karavani moja ya futi 30. Brosha inasema uzito wake mtupu ni pauni 6,100, GVWR (uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na mizigo) ni 7,600 na uzito wa mbele ni 680. Mimi nina pauni 195, mke wangu 165, watoto wetu wawili jumla 150. Kiangazi tunataka kupanda nayo hadi Colorado. Mlangoni mwa gari kuna stika mbili: moja inasema GVWR 7,050, nyingine inataja 1,480 na sijui inahusu nini. Gari litaiweza? Na nifunge nini: mifuko ya hewa, tairi mpya, vioo, breki?"

Jibu: Ndugu yangu, jibu limo katika hiyo namba uliyosema hujui inahusu nini.

Pikapu ina kazi mbili, na wauzaji hupenda kuzitaja kama moja. Kuvuta ni kazi ya injini, giaboksi na radieta. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli, rimu, tairi na chesisi. EcoBoost yako ina nguvu za farasi 375 na gia 10, kwa hiyo karavani ya pauni 7,000 haitaisumbua, hilo tuliweke kando. Shida ni kwamba karavani haivutwi tu, inabebwa pia. Kile chuma chake cha mbele chenye umbo la herufi A, ambacho hapa nitakiita shingo, kinakalia tufe la chuma nyuma ya gari lako. Uzito wote unaoshuka kupitia shingo unahesabiwa sawa na magunia uliyopakia kwenye bodi, tena magunia yaliyowekwa mahali pabaya kuliko pote, nyuma kabisa ya ekseli.

Stika ya 1,480 inasema hivi: jumla ya watu na mizigo ndani ya gari hili isizidi pauni 1,480, yaani kilo 671 hivi. Ni ya gari hilo hilo lililo mbele yako, si ya modeli nzima. F-150 mbili za mwaka mmoja zilizoegeshwa pamoja zinaweza kutofautiana kwa mamia ya pauni, kwa sababu paa la kioo, viti vya umeme, 4x4 na tangi kubwa la mafuta vyote hupunguza namba hiyo. Mafuta yamekwisha kuhesabiwa, tangi likiwa limejaa. Dereva hajahesabiwa. Na chochote kilichofungwa baada ya gari kutoka kwa muuzaji, kama kifuniko cha bodi au ngazi za pembeni, unakitoa wewe mwenyewe.

Ile pauni 10,000 ya muuzaji nayo si uongo. Inatokana na kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho J2807, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukitumia kwa Tundra ya 2011, na kampuni kubwa za Detroit zikafuata miaka michache baadaye. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona, maili 11.4 katika joto kali, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na haliruhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Kipimo kizuri sana cha injini na mfumo wa kupoza. Ila ndani ya gari wamehesabiwa watu wawili tu wa pauni 150 kila mmoja, na shingo ya trela imewekewa asilimia 10 tu ya uzito. Hakuna watoto, hakuna jenereta, hakuna deli la barafu.

Sasa tufanye hesabu yako. Watu wanne ni pauni 510. Kiungio cha kugawa uzito (kile chenye nondo mbili ngumu zinazosambaza uzito wa shingo kati ya ekseli za gari na za karavani), ambacho huwezi kukikwepa kama utakavyoona, ni kama pauni 90. Vitu vya kwenye bodi (deli, vifaa, baiskeli za watoto, jenereta ndogo) tuviwekee 180, na hapo nimekuonea huruma. Jumla 780. Ukitoa kwenye 1,480, kwa shingo ya karavani zinabaki 700.

Brosha inasema 680, kwa hiyo unaweza kudhani umepona. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Namba ya brosha mara nyingi hupimwa kabla betri na mitungi ya gesi havijawekwa, na vyote viwili hukaa juu ya shingo yenyewe. Mitungi miwili ya pauni 20 ikijaa ina pauni 74, kwa sababu chuma cha mtungi nacho kina uzito wake. Betri moja ni pauni 50 hivi. Tayari uko 804, na hujaweka hata sufuria. Kisha karavani yenyewe haitabaki na 6,100. Vyombo, matandiko, chakula, nguo, mabomba, viti vya kukunja na zulia la nje: familia ya wanne huongeza pauni 800 hadi 1,000 bila kujua imefanyaje. Karavani itakuwa karibu 7,000, na shingo yake inapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo. Lenga 12 au 13. Hiyo ni pauni 900 hivi, nawe una nafasi ya 700.

Usijaribu kuipunguza shingo hadi ifike 700 kwa kuhamishia mizigo nyuma ya karavani. Karavani yenye shingo nyepesi ndiyo inayoyumba mkia barabarani na kulala chali.

Hesabu ya karatasi ina ukali wake, maana kiungio cha kugawa uzito hurudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli za karavani. Mizani ndiyo inayosema kweli. Vituo vikubwa vya malori kama Pilot Flying J, TA na Love's vingi vina CAT Scale, na kama una ndugu anayeendesha semi atakuonyesha. Hii si mizani ya Mariakani wala Vigwaza. Hakuna askari wala faini, unalipa dola kumi na kitu ili ujue hali yako mwenyewe, na kupima tena ndani ya saa 24 ni bei ndogo zaidi. Mizani ina sahani tatu: ekseli ya mbele ya gari iweke sahani ya kwanza, ya nyuma sahani ya pili, ekseli za karavani sahani ya tatu. Pima mara tatu, familia ikiwa ndani na tangi limejaa. Kwanza ukiwa umefunga karavani na nondo za kiungio zimekazwa. Pili karavani ikiwa imefungwa lakini nondo zimelegezwa. Tatu gari peke yake, lakini kichwa cha kiungio kikiwa bado kimechomekwa nyuma.

Kwa gari na karavani kama zako, matokeo yatakuwa karibu na haya. Gari peke yake: mbele 3,460, nyuma 2,900, jumla 6,360. Karavani ikifungwa bila nondo: mbele 3,100, nyuma 4,160, karavani 6,100. Gari sasa ni 7,260, na tofauti ya 7,260 na 6,360 ndiyo uzito halisi wa shingo: 900. Angalia pia kwamba mbele imepoteza pauni 360. Hizo ni pauni zilizoondoka kwenye tairi za usukani na za breki. Nondo zikikazwa: mbele 3,280, nyuma 3,860, karavani 6,220. Nusu ya uzito uliopotea mbele imerudi, pauni 120 zimeenda kwenye ekseli za karavani, na gari limeshuka hadi 7,140.

GVWR yako ni 7,050, kwa hiyo umezidi kwa 90. Ukihamisha zile 180 za kwenye bodi na kuziweka ndani ya karavani, juu kabisa ya ekseli zake, gari litashuka hadi 6,960 hivi na shingo haitabadilika sana. Karavani itakuwa 7,180, chini ya 7,600 yake. Linganisha pia ekseli ya nyuma na GAWR (uzito wa juu wa kila ekseli) iliyoandikwa kwenye ile stika ya GVWR, kwa sababu ekseli inaweza kuzidi hata jumla ikiwa sawa.

Kwa hiyo inawezekana, lakini kwa kubaki na pauni 90 tu za ziada, na kwa sharti kwamba bodi ya pikapu yako isibebe kitu. Watoto wako nao hawatabaki na pauni 150. Kama bado hujalipa, mimi nisingeichukua karavani hiyo. Tafuta yenye GVWR ya pauni 6,000 hivi, urefu wa futi 24 hadi 26. Hata ukiijaza hadi mwisho, asilimia 13 ni pauni 780. Ukikaza nondo gari litakuwa karibu 7,030 pamoja na vile vitu vya kwenye bodi, na ukivihamishia ndani ya karavani, ndani ya uzito huo huo wa 6,000, unapata nafasi ya kupumua ya pauni 200. Futi zile tano pungufu utazishukuru pia upepo utakapokupiga ubavuni.

Njia nyingine ni kubadili gari. Usikimbilie F-250 ya dizeli ukidhani umemaliza: injini ya dizeli ni nzito, na F-250 ya dizeli iliyojaa starehe inaweza kuwa na stika ya mlangoni isiyozidi sana 2,000. Ya petroli hubeba zaidi kuliko ya dizeli ya daraja lile lile. Daima fungua mlango usome kabla ya kusikia bei.

Sasa tuje kwenye vifaa, nianze na mifuko ya hewa kwa kuwa umeitaja ya kwanza. Acha. Mfuko wa hewa hunyanyua matako ya gari ili lionekane sawa, lakini hauongezi hata pauni moja kwenye stika ya mlangoni, na haurudishi uzito kwenye tairi za mbele. Gari litakuwa limezidiwa vile vile, ila sasa halionekani. Kule nyumbani tumezoea kuongeza jani la springi kwenye Hilux na kuendelea na safari, lakini GVWR ya gari inahesabu breki, beringi, rimu na chesisi pia, na hakuna jani linalovibadilisha hivyo.

Pesa ya mifuko iweke kwenye kiungio cha kugawa uzito chenye kizuizi cha kuyumba ndani yake. Ni lazima. Chini ya bampa la F-150 za kizazi chako kuna stika nyingine: bila kiungio cha aina hii, trela isizidi pauni 5,000 na shingo isizidi 500. Kuna za Equal-i-zer, Blue Ox na nyinginezo. Chagua nondo zinazolingana na uzito halisi wa shingo. Kwa shingo ya 780 hadi 900, nondo za pauni 1,000 zinatosha. Usinunue za 1,400 ukidhani kubwa ndiyo salama, kwa sababu nondo ngumu kupita kiasi hupiga chesisi ya karavani kila unapovuka tuta na kulegeza kabati za ndani.

Kukifunga kiungio vizuri ni kazi ya nusu siku, na wauzaji wengi wa karavani huimaliza kwa dakika ishirini. Fanya mwenyewe au simama pale uangalie. Tafuta sakafu tambarare. Gari likiwa limepakiwa kama la safari, bila karavani, pima kutoka chini hadi ukingo wa juu wa madigadi ya mbele, juu ya kitovu cha gurudumu. Tuseme inchi 37.5. Iweke karavani sawa kwa jeki yake, pima kimo cha kikombe chake (kile cha mwisho wa shingo kinachofunika tufe), kisha fungia kichwa cha kiungio ili juu ya tufe pawe kama inchi moja juu ya kimo hicho, maana gari litazama kidogo. Funga karavani bila nondo na upime madigadi tena: tuseme 38.5. Pua imepanda inchi moja. Kwa F-150 za umri huo lengo ni kurudisha nusu ya hiyo, kwa hiyo nondo zikikazwa unataka kuona 38. Kitabu cha gari lako kina ukurasa wake kuhusu jambo hili, usome. Kama madigadi yamebaki 38.4, kichwa cha kiungio kinahitaji kuinamishwa zaidi kuelekea nyuma, kwa kuongeza washa (visahani vya chuma vyenye tundu) au kusogeza tundu la bolti kulingana na aina. Kama yameshuka hadi 37.5 au chini yake, umekaza kupita kiasi: ekseli ya nyuma imenyang'anywa uzito, na kwenye barabara yenye maji matako yanaweza kuteleza.

Kukaza nondo kwa mkono ni njia nzuri ya kuvunja kidole. Funga kikombe kwenye tufe, kisha tumia jeki ya karavani kunyanyua shingo na matako ya gari kwa pamoja inchi kadhaa. Nondo zitapanda mahali pake karibu bila nguvu. Ushushe tena. Kunyanyua huko kuna faida ya pili: kama kikombe hakijashika tufe, shingo itapanda peke yake na gari litabaki chini, na umegundua kosa ukiwa bado uani.

Kuhusu tufe: karavani za ukubwa huu hutumia la inchi 2 na 5/16. Tufe la inchi 2 huingia vizuri kwenye kikombe cha 2 na 5/16, linafunga, linaonekana sawa, hata linakuvusha mjini. Tuta kubwa la kwanza ndilo linalolichomoa. Soma namba iliyogongwa juu ya tufe na ile iliyogongwa kwenye kikombe, kila mara ambapo kifaa si chako. Minyororo ya usalama ipishane kama herufi X chini ya shingo, ili shingo ikianguka ilale juu yake badala ya kuchimba lami. Ule waya mwembamba wa breki ya dharura, unaovuta pini na kufunga breki za karavani ikichomoka, usiufunge kwenye mnyororo wala kwenye kiungio kinachochomoka. Ufunge kwenye chesisi ya gari.

Breki ni jambo la pili kwa uzito. Karavani ina breki zake za umeme: sumaku ndani ya ngoma ya gurudumu hushika kadiri umeme unavyoongezeka. Anayepeleka umeme huo ni kidhibiti kilicho karibu na usukani. Angalia kama F-150 yako imetoka nacho kiwandani, kwenye dashibodi upande wa kulia wa usukani, chenye vibonye vya kuongeza na kupunguza na kidude cha kubana kwa vidole. Kama haina, Tekonsha Prodigy P3 au kingine cha aina hiyo kitafanya kazi, mradi nyuma ya gari kuna plagi ya pini saba. Usinunue kile kinachohesabu sekunde tu tangu uguse breki. Nunua kinachohisi gari linavyopunguza mwendo.

Kurekebisha kidhibiti: karavani ikiwa imepakiwa, kwenye lami kavu na tambarare isiyo na magari, endesha maili 20 hadi 25 kwa saa. Kanyaga breki mara kadhaa ngoma zipate joto. Kisha achia mafuta, usiguse breki ya gari, bana kidude cha kidhibiti hadi mwisho. Kama karavani inalishika gari kidogo tu, ongeza namba. Kama magurudumu yake yanakwama na kuburuzika, punguza. Unataka kufika chini kidogo tu ya kukwama. Anza na 5 au 6 kati ya 10. Rudia kila uzito unapobadilika sana. Breki za aina ya kurekebishwa kwa mkono zinahitaji kukazwa baada ya maili 200 za kwanza, na baadaye kila maili 3,000. Nyingi za sasa hujirekebisha, lakini uliza. Beringi zifunguliwe na kutiwa grisi kila miezi 12 au maili 12,000.

Pini ya breki ya dharura ijaribiwe mara moja kwa msimu: chomoa kwanza plagi ya pini saba, vuta pini, jaribu kusogeza gari kidogo uone kama karavani imeshika, kisha irudishe mara moja, maana inakula betri na kuchoma sumaku. Karavani yenye betri iliyokufa haina breki ya dharura, hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Tairi za gari. Nyingi za F-150 hutoka kiwandani na tairi za aina ya gari dogo, laini pembeni, zenye psi 35 kwenye stika. Ukifunga karavani ndefu utahisi matako yanacheza kushoto na kulia kana kwamba gari limesimama juu ya godoro. Mara nyingi dawa ni kupandisha upepo wa tairi za nyuma, bila kuvuka namba ya juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na ikiwa tairi zimekaribia kuisha, kununua za LT, yaani za malori madogo. Lakini tairi za LT zinahitaji upepo zaidi ili kubeba uzito ule ule, kwa hiyo psi 35 ya mlangoni haizifai tena wakati wa kuvuta. Fundi wa tairi mwenye jedwali la mzigo atakupa namba. LT nayo haibadilishi stika ya mlangoni.

Tairi za karavani ndizo zinazowaacha watu wengi kando ya barabara. Ni za aina ya ST, yaani za trela, na kosa kubwa ni kuzipa upepo pungufu. Tofauti na gari, hizi zijaze zikiwa bado za baridi hadi psi iliyoandikwa ubavuni: 65 kwa daraja D, 80 kwa daraja E. Karavani husimama juani miezi tisa kisha inapigishwa maili 600 kwa siku. Raba inakauka ndani huku kashata za juu zikiwa bado ndefu. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2819 maana yake wiki ya 28 ya 2019. Zikifika miaka mitano au sita, badilisha, hata kama zinang'aa. Na kama hazijaandikwa mwendo wa juu zaidi, zihesabu kuwa za maili 65 kwa saa. Kwa vyovyote, 60 hadi 65 ndio mwendo wako. California wanaovuta trela wanaruhusiwa 55 tu. Vihisi vya upepo vya kufunga kwenye valvu vina thamani yake, kwa sababu tairi la karavani likipasuka dereva hasikii kitu mpaka limekwisha kung'oa sakafu.

Vioo: karavani nyingi zina upana wa futi 8 au 8 na nusu, na gari lako ni kama futi 6 na inchi 8. Bila vioo vya kurefusha huoni nyuma kabisa. Vya Ford vya kuvutia ni bora. Vya kufunga kwa mkanda vinatosha kama safari ni mbili kwa mwaka.

Maji ndiyo mzigo unaosahauliwa. Galoni moja ina pauni 8.34, kwa hiyo tangi la galoni 40 ni pauni 334. Safiri na galoni tano za choo na kunawa, ujaze ukifika. Kabla ya kununua karavani uliza tangi liko mbele au nyuma ya ekseli, kwa sababu likiwa nyuma linanyanyua shingo kila unapolijaza, na likiwa mbele linaizamisha.

Njia yako ya Colorado huenda ikapita Amarillo na pito la mlimani la Raton, kwenye mpaka wa New Mexico na Colorado, futi 7,834. Mlima huo hautakusumbua kupanda: EcoBoost yako ina turbo, na turbo haipotezi pumzi juu kama injini ya kawaida, ambayo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kitakachokuhangaisha kabla ya mlima ni uwanda wa kaskazini mwa Texas, kwa upepo wake wa ubavuni. Huko ndiko unakojua kama shingo ina uzito wa kutosha. Semi ikikupita, hewa yake hukusukuma nje kwanza kisha hukuvuta ndani. Mkia ukianza kucheza na hauachi, usikanyage breki ya gari, usijaribu kuupiga usukani upande wa pili, usiongeze mafuta. Shika usukani ukiwa umenyooka, achia mafuta, na bana kile kidude cha kidhibiti ili breki za karavani peke yake zishike. Karavani itajinyoosha yenyewe. Kisha simama utafute sababu: mwendo, tairi lenye upepo mdogo, au mizigo iliyokaa nyuma.

Kushuka kunahitaji umakini zaidi, kwa kuwa injini ndogo ya petroli haina uwezo mkubwa wa kulizuia gari kama dizeli yenye breki ya moshi. Washa hali ya kuvuta (tow/haul) kabla ya kilele, anza kushuka ukiwa tayari polepole, shikilia gia ya 4 au ya 3, na mwendo ukizidi kanyaga breki kwa nguvu hadi upunguze maili 10, kisha uachie kabisa zipoe. Anayeegemeza mguu kwenye breki maili sita mfululizo ananusa harufu ya pedi chini, na huko chini ndiko kwenye kona.

Kuhusu mafuta, tegemea maili 8 hadi 11 kwa galoni. Kama tangi lako ni la galoni 23, hiyo ni maili 200 hivi kabla ya kuwa na wasiwasi, na upepo wa mbele unaweza kukatisha hapo mapema. Panga vituo vyenye nafasi ya kugeuza gari refu, ikiwezekana upande wa malori.

Siku ya kwanza ya safari chukua spana ya kupimia nguvu na usimame baada ya maili 10, 25 na 50 kukaza nati za magurudumu ya karavani, kwa namba ya kitabu chake, ambayo kwa kawaida iko kati ya pauni-futi 90 na 120. Rimu mpya hukaa vizuri zikishapata joto, na nati zilizokazwa kiwandani huwa zimelegea hapo. Katika kila kituo gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Vyote vinne vinapaswa kuwa na joto linalofanana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake ni beringi au breki iliyoganda. Kikiwa cha baridi kabisa, breki yake haifanyi kazi, anza kukagua waya wa sumaku hapo hapo.